Kona ya Noti ya Saba

Nilipokosea mara ya kumi na tisa, nililaza gitaa kifudifudi juu ya meza ya kukatia nguo, lisinitazame, nikamwambia Fundi abebe chombo chake aende zake.

"Bado moja," alisema.

"Moja ya nini?"

"Nilikuomba upige mara ishirini. Umepiga kumi na tisa."

Nyie semeni. Mwanamke anatokwa na jasho la hasira mbele yako, nyuzi zimemchora vidole, na wewe unamwambia bado moja. Yeye alikuwa ameketi pale anapoketi kila Jumamosi, kwenye kigoda cha wateja chini ya dirisha, karatasi yangu ya kuchorea mitindo imekunjwa magotini na penseli sikioni. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayesubiri chai. Nililigeuza gitaa, nikapiga mara ya ishirini, nikakosea palepale.

"Asante," alisema, akaandika.

Wateja wangu wanamwita Fundi, na mimi wananiita Fundi. Yeye hutengeneza cherehani, mimi hushonea cherehani hizohizo. Mtu akibisha hodi na kuuliza, "Fundi yupo?" huwa tunaitika pamoja, halafu tunatazamana, halafu mmoja wetu anajifanya ameangusha kitu chini ya meza. Alikuja mara ya kwanza miezi sita iliyopita kwa sababu sindano zangu zilikuwa zinakatika bila sababu. Alifungua mashine, akapima, akasema chuma fulani kimehama robo milimita, akakirudisha. Akiwa anangoja mafuta yaingie ndani, alitoa gitaa kwenye mfuko mrefu ambao nilidhani ni wa spana, akapiga kipande kifupi kisicho na maneno wala jina. Nilikuwa napiga kola pasi. Pasi ilikaa mahali pamoja mpaka kola ya mteja ikaungua.

"Umeniunguzia kola," nilimwambia. "Sasa utanifundisha hicho kitu."

Tangu siku hiyo anakuja kila Jumamosi, saa tisa mpaka saa kumi na moja, mlango ukiwa wazi na mtaa mzima ukipita na kuchungulia. Na katika miezi sita hajanigusa mkono hata kwa bahati mbaya. Akitaka kunisogeza kidole, hutumia ncha ya rula yangu ya mbao.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hii ninayoisimulia, kaka yangu alikuwa amepita kazini kwangu. Kaka yangu ni refa wa mpira, na kila mtu anamwita Refa, hata mkewe. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, na alinilea kwa filimbi. Alilitazama gitaa la Fundi, ambalo huniachia ukutani, akaketi.

"Mdogo wangu, huyo mwalimu wako anakuja tangu lini?"

"Miezi sita sasa."

"Nipigie wimbo mmoja."

Nilijaribu. Nilifika palepale nikakwama.

"Mtoto wa miezi sita anakaa mwenyewe," Refa alisema. "Wewe hata kipande kimoja hakijakaa. Sasa mimi naona mambo mawili. Ama huyo bwana hajui kufundisha, ama hamsomi. Yote mawili ni kadi."

"Kaka, tunasoma."

"Basi nithibitishie. Jumapili saa kumi, sebuleni kwangu, na yeye awepo. Utapiga hicho kipande mwanzo mpaka mwisho, mara moja tu. Ukiweza, nitakula maneno yangu. Ukishindwa, masomo yameisha, na asikanyage tena hapa kwako."

Mtaniuliza, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye chumba chake cha kazi, anaogopa kadi ya kaka? Simuogopi. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa akinisuka nywele kila asubuhi kabla ya shule, vibaya, upande mmoja juu upande mmoja chini, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kunisuka. Mtu wa namna hiyo humfungii mlango. Na kuna jambo jingine ambalo sikumwambia Refa, wala Fundi, wala kioo changu: nilikuwa nampenda huyu bwana wa rula. Nilimpenda kuanzia kucha zake zenye mafuta ya mashine mpaka ile tabia yake ya kupuliza meza kabla ya kuweka karatasi. Nikishindwa Jumapili, ningempoteza kwa kosa la kidole.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo maji yalikuwa yamenifika shingoni, na yeye alikuwa anaandika.

"Njoo uone," alisema.

Niliinama juu ya karatasi. Alikuwa amechora mistari ishirini ya kulala, kila mstari na noti ishirini na mbili, na mahali nilipokosea ameweka alama ya mkasi.

"Unaona nini?"

"Naona aibu yangu imepangwa vizuri."

"Angalia tena. Alama ziko wapi?"

Nilitazama. Zilisimama moja juu ya nyingine, kama vifungo vya shati.

"Noti ya saba," nilisema polepole.

"Mara kumi na nane, noti ya saba. Mbili zilizobaki ulikosea mapema kwa sababu ulikuwa umekasirika, hizo sizihesabu. Mtu asiyejua hukosea kila mahali. Wewe unakosea mahali pamoja. Kosa lako lina anwani."

"Basi tuliandikie barua."

Mdomo wake ulitaka kucheka, akaukataza. "Tutalitembelea. Chukua piki."

Piki ni kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, kidogo kuliko kifungo cha koti. Alinyoosha mkono, akachukua chaki yangu ya bluu ya kuchorea vitambaa, akaipaka piki yote mpaka ikawa bluu.

"Piga noti nne za kwanza, kisha nionyeshe."

Nilipiga. Chini, juu, chini, juu. Chaki ilikuwa imetoka kwenye ncha tu.

"Safi. Paka tena. Sasa piga zile tatu zinazofuata. Ya tano, ya sita, ya saba. Simama hapo, usiende ya nane."

Chini, juu, chini. Nilisimama. Alisogeza uso karibu na mkono wangu bila kuugusa. Nilihisi pumzi yake kwenye kifundo cha mkono wangu, na nikamwomba Mungu asiniulize swali lolote la hesabu.

"Sasa piki yako iko wapi?"

"Mkononi."

"Fundi."

"Iko... iko katikati. Kati ya uzi huu na ule."

"Iko ndani au nje?"

"Ndani."

"Unaishika imelala kidogo, kama sindano ya mkono inavyolala. Si vibaya, na mimi nashika hivyo. Lakini ikilala hivyo, ukipiga chini inazama kati ya nyuzi. Ukipiga juu inatoka hewani. Noti nne za kwanza zinaishia na juu, kwa hiyo ukimaliza uko nje, unakwenda unakotaka. Hizi tatu zinaishia na chini. Umezama, na noti ya nane iko uzi mwingine. Kati yako na noti ya nane kuna ukuta."

"Ukuta gani?"

"Uzi wenyewe."

Niliiangalia ile piki iliyonaswa pale kama mtu aliyekwama kati ya viti viwili. Miezi sita nilikuwa nimejiita mzito wa mkono. Miezi sita nilisema labda muziki ni wa watu wengine. Kumbe ni ukuta.

"Na wewe unaupitaje?"

"Hilo ndilo lililonisumbua. Jana niliketi mbele ya kioo nikajitazama. Nikifika hapo mkono wangu unajikunja kidogo tu, piki inaruka. Nimepiga hivyo miaka kumi na tano, na sikuwahi kujua. Ndiyo maana nilikuwa nakwambia tuliza mkono, rudia polepole, mvumilivu hula mbivu. Nilikupa methali badala ya sababu."

"Na mimi nimekula mbichi mpaka meno yameniuma."

"Nisamehe kwa hilo. Lakini bado kuna kitu sikielewi." Alichukua piki kwenye vidole vyangu kwa ncha ya rula na kidole gumba chake, akainua kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa kwenye noti ya saba chaki imetoka mpaka katikati. Unazamisha mara mbili zaidi ya kwingine. Kwa nini unakandamiza hapo?"

"Sikandamizi."

"Chaki inasema unakandamiza."

"Chaki ni yangu, haiwezi kunisema."

"Fundi, jaribu tena."

Nilijaribu tena. Chaki ikanisema tena. Nikajiambia nisimwage hasira mapema, maana ningeihitaji baadaye, nikaenda kwenye cherehani. Nikishindwa na jambo huwa nashona. Palikuwa na mfuko wa shati unaongoja kushonwa, mfuko wa mraba, kazi ya dakika tatu. Nilikanyaga. Mshono ulishuka upande wa kushoto, moja kwa moja, ukafika pembeni. Nikasimamisha mashine, nikazungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ikazama kabisa kwenye kitambaa, nikainua mguu wa cherehani, nikageuza nguo.

Mkono wangu ulibaki juu ya gurudumu.

"Fundi," nilisema. "Njoo hapa."

Alikuja akasimama nyuma yangu.

"Wewe unajua hizi mashine. Ukifika kona, sindano inakuwa wapi?"

"Chini. Ukiiinua, nguo inahama na kona inaharibika."

"Unaiacha chini. Unaizamisha kabisa, halafu ndiyo unageuza." Niligonga gurudumu kwa kidole. "Miaka kumi na miwili nimefanya hivyo. Mifuko, kola, mikanda. Mkono wangu ukisikia tu kwamba kona inakuja, unazamisha. Hauniulizi."

Aliinama akaitazama sindano iliyozama. Kisha akacheka, kicheko kamili, cha kwanza katika miezi sita, akaketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa.

"Robo milimita," alisema. "Nimetafuta kwenye gitaa. Kumbe iko kwenye cherehani."

"Kwa hiyo nifanyeje? Nisahau kushona?"

"Usisahau chochote. Kati ya noti ya nne na ya tano kuna pumzi, si ndiyo? Mkono unapumzika. Basi ya tano usianze na chini, anza na juu. Juu, chini, juu. Ukifika ya saba utakuwa nje. Lakini mkono wako utataka kuzamisha bado, ukidhani ni kona."

"Si kona," nilisema. Lilinijia lenyewe, na nililipenda kwa kuwa halikutoka kwake. "Ni mwisho wa mshono. Mshono ukiisha, sindano inapanda juu kabisa ndipo nguo inatoka. Hilo nalo mkono wangu unalijua."

Alinitazama kutoka sakafuni. Macho yake yalikaa usoni kwangu kuliko yalivyoruhusiwa, na sikuyakimbia.

"Piga," alisema.

Nilipiga polepole, kama ninayevuka mto juu ya gogo. Nne za kwanza. Pumzi. Juu, chini, juu, na nikajiambia moyoni *mshono umeisha*, piki ikapanda, na noti ya nane ikatoka safi, peke yake, mahali ambapo kwa miezi sita palikuwa na mkwaruzo. Nilisimama nikaitazama hewa. Nikarudia. Mara tatu ikakubali, mara moja ikakataa, mara mbili ikakubali. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, nilikuwa na kazi.

Ilikuwa furaha, naapa. Na katikati ya furaha hiyo nikafikiri, kama mjuavyo akili ya mwanamke aliyelelewa na refa.

"Fundi. Hii imekuchukua muda gani kuipata?"

"Tangu uliponipigia simu Alhamisi kuhusu kaka yako. Siku mbili."

"Cherehani yangu ulipata robo milimita kwa saa moja."

"Ndiyo."

"Mkono wangu umekuchukua miezi sita."

Alianza kukunja karatasi.

"Ulikuwa unajua?" niliuliza.

"Hapana. Nakuapia, sikulijua hilo kosa."

"Lakini ulilitafuta?"

Karatasi ilikuwa imekunjwa tayari, lakini alikuwa anaikunja tena.

"Sikulitafuta," alisema.

"Mtu anayesikia skrubu imelegea kwenye mashine akiwa mlangoni, hakunitafutia kosa langu miezi sita. Kwa nini?"

Mtaa ulikuwa unapita nje na kelele zake. Aliitazama rula, akatazama gitaa, akatazama kila kitu chumbani isipokuwa mimi. Nilikuwa najua ninachotaka kusikia. Na kwa kuwa nilikitaka na hakikuja, ulimi wangu ukaenda peke yake.

"Umeniacha nijione mjinga. Kila Jumamosi nakwenda kulala nikijiambia mimi ni mzito, kumbe mwalimu ameketi hapo anafurahia kigoda."

"Si hivyo."

"Ni vipi basi? Sema. Wewe ni mtu wa sababu. Nipe sababu."

Nilimwona akifika mahali na kukwama, waziwazi, kama nilivyokwama mimi mara ishirini mchana ule.

"Kesho saa kumi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ya tano, anza na juu."

Akachukua mfuko wake wa spana, akaniachia gitaa, akatoka.

Nilibaki nimesimama. Ningeweza kulia, na kusema kweli nililia kidogo. Lakini nilijua pia kwamba kesho haitanisubiri nimalize, na kwamba mkono huu ni wangu, si wake wala wa Refa. Nilirudisha piki kwenye chaki. Nilipiga mpaka mwanga wa dirisha ukawa mwekundu na mwenye duka la jirani akaja kuniuliza kama leo kuna ugomvi na nyuzi. Nikamwambia mimi na nyuzi hatujawahi kugombana, tulikuwa hatujaelewana tu.

Sebule ya kaka yangu ina kochi moja refu, viti viwili, na saa ya ukutani anayoirekebisha kila asubuhi. Jumapili saa kumi kasoro dakika mbili, Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, mikunjo miwili mgongoni. Hakunitazama. Wifi yangu, mke wa Refa, alileta chai, akaniminya bega akaninong'oneza.

"Wifi, hata ukikosea, mimi niko upande wako. Mwalimu mwenyewe ana mabega."

"Wifi, ondoka."

"Naondoka. Nasema tu mabega."

Refa aliketi katikati ya kochi, mikono magotini.

"Sheria mnazijua," alisema. "Mwanzo mpaka mwisho. Mara moja. Bwana Fundi, usimsaidie hata kwa kukohoa."

"Sitakohoa, kaka."

"Mimi bado si kaka yako. Anza, mdogo wangu."

Kiganja changu kilikuwa kimelowa. Nilikifuta kwenye gauni. Nilikuwa nimekuja na chaki kwenye pochi, nikaipaka piki mbele yao wote. Refa aliinua nyusi, lakini sheria haikukataza chaki.

Chini, juu, chini, juu.

Pumzi.

Na hapo, ndani ya pumzi ile, mkono wangu ulikumbuka kila kitu kwa pamoja. Ulikumbuka kona elfu za mifuko, ulikumbuka hasira ya jana, ulikumbuka kwamba yule mtu wa pembeni hakuwa na sababu ya kunipa. Ulitaka kwenda chini. Niliusikia ukitaka. Nikauambia taratibu, kama ninavyouambia uzi unapotaka kujifunga fundo: hapana, mama, sisi tunaanza na juu.

Juu, chini, juu. Mshono umeisha. Piki ikapanda.

Noti ya nane ilitoka.

Kona ile inarudi mara mbili zaidi kwenye kipande kile. Ya pili niliipita kwa akili. Ya tatu, sijui niwaambieje, sikuipita mimi, mkono ulijipitia wenyewe, nami nikapata nafasi ya kusikiliza. Kwa mara ya kwanza nilisikia kile kilichoniunguzia kola, kikitoka kwangu. Uzi mmoja ulilia vibaya kidogo karibu na mwisho, lakini haukukatika, na noti ya ishirini na mbili ilikaa sebuleni mpaka ikaisha yenyewe.

Wifi alikuwa ameshika kikombe hewani.

Refa alijikuna kidevu. "Kumbe mlikuwa mnasoma kweli."

"Nilikwambia, kaka."

"Miezi sita," Wifi alisema, na sauti yake ilikuwa ya msiba. "Kusoma tu?"

"Mama watoto, tafadhali."

"Nauliza tu, Refa. Miezi sita, mlango wazi, na mabega yale, na ni kusoma tu?"

Refa alimgeukia Fundi. Nilimfahamu kaka yangu: akikosea, hulipa papo hapo. "Bwana Fundi, nilikudhania vibaya. Naomba radhi, na maneno yangu nayala kama nilivyoahidi. Dada yangu amejua kupiga. Umefanya kazi yako, nayo imekamilika." Kisha akainamisha kichwa upande mmoja, jinsi anavyofanya anapoangalia mstari. "Sasa niambie. Kwa kuwa somo limeisha, Jumamosi ijayo unakuja kufanya nini?"

Ni hapo nilipoelewa. Wanawake wenzangu, nilielewa yote, mpaka nikashika kichwa. Kosa langu ndilo lililokuwa tiketi yake. Siku nitakayovuka noti ya saba, yeye hatakuwa na sababu ya kubisha hodi. Ndiyo maana mtu wa robo milimita hakutafuta. Na Refa alipoweka sharti lake, akijua hivyo, alilitafuta siku mbili, akalipata, jana akanipa.

"Kuna kipande cha pili," Fundi alisema. "Ni kigumu kidogo. Kina noti... kina noti thelathini na..."

Akakwama. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili kama atakayekizamisha mezani.

Ningeweza kumwonea huruma. Ningeweza pia kumwacha azame, kwa ajili ya jana. Lakini jana alinitoa ndani ya ukuta, na mtu hulipa wema kwa wema.

"Fundi," nilisema.

Alinitazama, mara ya kwanza siku hiyo.

"Umefika kona na umeacha sindano chini."

Refa alitugeukia mmoja baada ya mwingine. "Sindano gani tena?"

Fundi aliweka kikombe. Alikiweka taratibu, katikati kabisa ya kisahani, kisha akasimama.

"Hakuna kipande cha pili," alimwambia kaka yangu. "Yaani kipo, lakini sicho ninachokuja kufanya. Nampenda dada yako. Ningependa kuja nyumbani na wazee wangu, kama yeye atakubali, na kama utaruhusu. Somo nililifanya refu kwa sababu sikujua jinsi ya kusema. Hilo ni kosa langu, na jana alinikasirikia kwa haki."

Wifi alikaa chini mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

"Tangu lini?" Refa aliuliza.

Na kwa kuwa huyu ni mtu wa anwani, alijibu swali kama lilivyoulizwa. "Mwezi wa pili wa masomo, Jumamosi ya kwanza. Alikata uzi kwa meno, akanitazama, akasema, 'Usiandike hiyo.'"

Nilikuwa nimesahau. Yeye alikuwa ameiandika.

Refa alitazama saa ya ukutani, akatazama saa ya mkononi, kana kwamba anapiga hesabu ya dakika za nyongeza.

"Umechelewa miezi mitano," alisema. Kisha, kwangu, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani akimaliza kunisuka: "Na wewe, mdogo wangu? Unasemaje?"

Mimi si mtu wa maneno nikiwa na kazi ya mikono. Nilipita mbele ya kochi la kaka yangu nikanyoosha mkono wa kulia, ule wenye chaki, na nikangoja. Fundi aliutazama. Kwa sekunde moja nadhani alikuwa anatafuta rula.

Halafu akaushika. Alipouachia, baadaye sana, baada ya chai kupoa na Wifi kumaliza kulia, kiganja chake chote kilikuwa bluu.